Usizime Injini Ukifika Kizuizini

Somoe mwanangu,

Chandarua umefunga mwenyewe, sufuria umechagua mwenyewe, na nikianza kumkumbusha nesi abebe dawa ya malaria utanicheka hadi mlangoni. Kwa hiyo mambo ya mzigo siyagusi. Wanawake wa Mahurunga watakuonyesha kisima kisichokauka na jirani asiyerudisha kinu. Mimi nakuandikia habari za ile baiskeli ya injini iliyosimama ukumbini na mizigo yako mgongoni, kwa sababu kesho utaipanda kwenda kuanza kazi, na kwa sababu juu yake wewe na mimi tulikaribia kuvunjiana heshima. Mambo yalipokwisha hatukuyazungumza. Wewe ulinyamaza kwa adabu, mimi kwa kiburi. Na mwenye kiburi ndiye anayepaswa kusema kwanza.

Unanijua. Nimefundisha uraia miaka mingi, na nilichokosa kukisema darasani nimekisema magazetini. Mtangazaji wa redio hapa mjini anaitambua sauti yangu kabla sijajitaja, na nasikia hushusha pumzi. Marehemu baba yako aliponiona nafungua gazeti alihamisha kikombe chake cha chai, maana alijua meza itapigwa. Sijutii hata kidogo. Nchi isiyo na watu wa kubisha huoza kimya kimya, kama korosho zilizotiwa guniani hazijakauka. Nitabisha hadi siku ya kuvikwa sanda. Lakini katika habari ya baiskeli hii, mwanangu, mpiganaji hodari alikuwa wewe, na nataka nikueleze nilivyokuona, kwa kuwa mtu hajioni akiwa vitani.

Ulipomaliza chuo cha uuguzi, kaka yangu, mjomba wako Chande, alivuka Ruvuma, akarudi na mtumbwi uliobeba kitu kimefunikwa turubai. Kutoka mtoni kikapanda lori la mihogo, kikashushwa hapa mtaani Rahaleo mbele ya nyumba. Tulipofunua tukakuta baiskeli nene, ina pedeli kama baiskeli yoyote, na katikati yake injini ndogo kama kichwa cha mbuzi. Mjomba akakuambia, "Hii inapanda mlima yenyewe. Wewe kazi yako kukaa na kupiga kengele." Tulicheka sote. Wewe uliigusa taa yake kwa ncha ya kidole, kama unampima mtoto joto.

Kwetu, mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine. Mjomba ndiye anayekupa jina, ndiye anayekaa mbele siku ya posa yako, ndiye anayejibu ukikosea. Zawadi ya mjomba haiulizwi imetoka wapi. Na hiyo ilitoka ng'ambo, ilivuka alfajiri, na hakuna ofisi ya forodha iliyoiona. Hakuna kati yetu aliyeliwaza hilo. Bibi yako amezikwa upande huu, babu yako upande ule. Watu wetu huvuka kwenda kuoa, kuzika, kuuza samaki, kuomba mbegu. Mimi nilikwisha kuandika mara nyingi kwamba mpaka ule ulichorwa na watu ambao hawakuwahi kuoga katika mto wenyewe. Msimamo huo ninao hadi leo. Ukitegemea kwamba barua hii itaukana, utaisoma hadi mwisho bure.

Juu ya msimamo huo nikaongeza mwingine: chombo chenye pedeli ni baiskeli, na baiskeli haidaiwi leseni. Nilikuwa na hakika. Na mji nao ulikuwa na ujanja wake. Kila mwenye chombo cha namna hiyo, akikaribia kizuizi cha trafiki, alizima injini na kupiga pedeli, uso umetulia kama anayekwenda kuswali. Akishapita kona, anawasha. Niliupenda ujanja huo. Niliuita hekima ya wanyonge, nikauandikia makala nzima, nikakufundisha wewe. Nawe ulinitii. Miezi kadhaa ulizima na kuwasha, ulizima na kuwasha, na sikujiuliza kwa nini kila ukirudi nyumbani mabega yako yamepanda hadi masikioni.

Unaikumbuka siku ya hitma ya shangazi kule Mnazi Bay. Ulinipakia kwenye keria, ukazima injini mapema kama kawaida, tukafika kizuizini kwa pedeli. Yule afande mwembamba mwenye mwanya alitusimamisha, akatusalimu vizuri tu, akainama, akapeleka kiganja karibu na injini, akakirudisha haraka.

"Dada," akakuambia, "baiskeli yako ina homa."

Vijana wa bodaboda waliokuwa nyuma yetu walicheka hadi mmoja akaangusha pikipiki yake. Nami nikashuka. Nikampa afande somo la pedeli, nikampa somo la mpaka, nikapanda hadi ukoloni, nikateremka hadi haki ya raia kutembea katika nchi yake. Wauza mihogo ya kukaanga waliacha karai zao wakaja kusikiliza. Afande naye alisikiliza, kofia kwapani. Nilipovuta pumzi akasema, "Mama, umesema vizuri. Ningekuwa mwanafunzi wako ningefaulu. Lakini mimi sijauliza mpaka. Nimeuliza kadi, bima na leseni ya huyu binti."

Vyote vitatu hatukuwa navyo. Akatuambia kwamba pedeli ni pedeli, lakini kinachokunywa petroli ni chombo cha moto, na kwamba kwa kuwa tunakwenda kwenye hitma atatuacha, ila tupige pedeli kwenda na kurudi. Kisha akakugeukia wewe, si mimi, akasema kwa sauti ya chini kwamba siku nyingine akiikuta na homa itabaki kituoni, na wewe utakwenda kueleza mahakamani. Wakati huo ulikuwa unasubiri barua ya ajira. Mimi nilisikia kwamba tumeachiwa. Wewe ulisikia lile neno mahakamani.

Nilipanda keria nimejaa ushindi. Njia nzima nilikuwa nyuma yako nikirudia nilivyomjibu, nikiongeza yale niliyosahau, na wewe ukipiga pedeli kwenye mchanga, na mimi si mwepesi. Jasho lilikuwa limelowesha ushungi wako mgongoni. Tukafika kwenye mikorosho. Hapo ukasimama, ukaniomba nishuke tutembee.

"Mama," ukasema, "hoja umeshinda. Lakini baiskeli bado haina namba."

Nilikasirika, mwanangu. Nilitembea mbele yako hadi Mnazi Bay, na kwenye hitma nilisoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Barua ya ajira ilipofika, na ikasema Mahurunga, mimi nilifurahi kwa kuwa ni karibu na mjomba. Wewe ulichukua kiti, ukakaa mbele yangu, ukaniambia kwamba kazi yako itakuwa ya kuzunguka vijijini kuwafuata wajawazito na watoto wa chanjo, na kwamba huwezi kuwa nesi anayejificha. Ukasema utaipeleka baiskeli forodhani ukaeleze ilivyoingia, kisha ikaguliwe, isajiliwe, iwe na bima, nawe usome upate leseni. Ulisema taratibu, kama unamweleza mgonjwa.

Nilichokujibu unakijua. Nilikuuliza kama unataka kumshitaki mjomba wako kwa magendo. Nilikuita mtoto wa ofisi. Nilisema nimezaa karani. Kisha nikatoka, nikaenda kwa jirani yetu mwenye kumjua kila mtu, nikarudi na kibao cha namba cha pikipiki iliyokwisha kufa. Mimi, niliyeandika dhidi ya rushwa hadi vidole vikauma. Nilikuwekea kibao kile mezani kama aliyeleta nyama ya sikukuu. Ulikitazama, ukakiinua kwa vidole viwili, ukakiweka juu ya kabati, ukarudi kupiga pasi sare zako. Nimelumbana na wanaume wenye madaraka na sijashindwa vibaya kama nilivyoshindwa na pasi ile.

Kisha ukafanya jambo ambalo nisingelifikiria hata kama ningesoma vitabu vyote vya mji huu. Kabla ya kwenda forodhani ulikwenda mtoni kwa mjomba. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Anasema alikuwa anamenya mihogo, ukapiga magoti, ukamwamkia, ukachukua kisu cha pili ukamenya naye. Hukumwambia habari za sheria. Ulimwambia hivi:

"Mjomba, nimekuja kukushitakia. Zawadi yako naizima kila nikiona watu. Naipanda kama nimeiiba. Mimi nataka niipande mchana, nikiulizwa niseme nimepewa na mjomba wangu."

Anasema alimaliza kumenya mhogo aliokuwa nao mkononi, akamenya na mwingine. Kisha akakuuliza siku gani mnakwenda.

Hapo ndipo ulipopita elimu yangu yote, Somoe. Mimi nilidhani mambo ni mawili tu: ama kumlinda mjomba na kuivunja sheria, ama kuifuata sheria na kumwaibisha mjomba. Nilisimama kwenye njia panda hiyo nikipiga kelele. Wewe uliona kwamba kinachomwaibisha mjomba ni kuificha zawadi yake. Ukamwendea kama mpwa anavyomwendea mjomba, na yeye akafanya kazi ya mjomba: akajibu.

Ile asubuhi ya kwenda forodhani nilikwisha kuvaa, nikatia miwani na gazeti mkobani. Ulinishika mkono ukasema, "Mama, nakuomba usije." Nikabaki. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilijua kwamba chombo kinaweza kutaifishwa, na kaka yangu anaweza kuwekwa ndani, na mimi niko hapa na povu la sabuni hadi kwenye viwiko.

Mjomba alirudi na kanzu yake imejaa vumbi, akaagiza chai, akanisimulia. Alijitaja mwenyewe kabla hajaulizwa: ndiye aliyeivusha. Ofisa akamgombeza kama mtoto, akamuuliza, "Mzee, hukujua kwamba pale kuna mpaka?" Mjomba akamjibu, "Nilijua. Mama nimemzika upande huu, baba nimemzika upande ule. Sikujua kwamba baiskeli nayo huulizwa." Ofisa aliinamisha kichwa, mjomba anadhani alikuwa anacheka. Faini ililipwa, ushuru ukalipwa, risiti zikatoka, baiskeli ikabaki uani kwao ikisubiri mambo yaishe. Mjomba alikunywa chai yake yote kabla ya kuniambia lililobaki: "Dada, mtoto huyu hakukufuata mdomo. Amekufuata moyo, mdomo ameuacha." Nilimjibu kwa ukali, nikaingia jikoni, nikakaa huko muda.

Yaliyofuata niliyaona. Mkaguzi aliikataa mara ya kwanza kwa breki, ukabadilisha breki. Akaikataa kwa taa ya nyuma, ukafunga taa. Ukaenda shule ya udereva na vijana ambao wengine walikuwa wanaendesha bodaboda tangu hawajaota ndevu na hawajawahi kushika leseni. Walikutania kila siku. Nilikuwa napita pale uwanjani siku mmoja wao alipokuuliza kwa sauti, "Nesi, hiyo ni pikipiki au cherehani?" Ukamjibu bila kugeuka, "Cherehani. Sogea nikushone mdomo." Walipiga miluzi, na kesho yake, naambiwa, yule yule alikuja kukuomba umweleze alama za barabarani kabla ya mtihani. Mkafaulu wote wawili. Hayo nilikuwa nayajua na nikajifanya siyajui. Na juzi ulipoingia uani na kibao kipya kinang'aa, ukavua kofia ngumu na ushungi chini yake haujakunjamana, nilikuambia tu chakula kipo mezani.

Sasa nisikilize kidogo, na sikuhubirii. Wako watakaokuambia kwamba kufuata sheria ni uoga. Nilikuwa mkubwa wao. Nakwambia ni kinyume chake, na hili nalisema kama mgomvi mwenye uzoefu: mtu mwenye karatasi zake kamili ndiye mgomvi wa kuogopwa. Askari mbaya hutafuta tundu. Akikosa taa mbovu, akikosa bima iliyokwisha, akikosa abiria wa pili mgongoni, atafanya nini nawe? Atakuangalia tu. Kwa hiyo usiwape tundu. Hata mtendaji wa kijiji akikuomba umpakie yeye na mkewe pamoja, mpakie mmoja, mwingine umrudie. Chombo usikiazimishe, maana kosa la mwazimaji litasomwa kwa jina lako. Ukiandikiwa kosa la kweli, lipa kwa njia ya serikali na upewe risiti. Anayetaka pesa mkononi mwambie kwa upole kwamba unaomba aandike. Upole huo ni silaha, na mimi nimeigundua mvi zimejaa.

Kuna safari sijakusimulia. Ulikuwa mdogo. Rafiki yangu niliyesoma naye alifariki Newala, nikapanda basi asubuhi niwahi maziko. Njiani trafiki alitusimamisha, akamwonea dereva waziwazi. Dereva alitaka kuomba radhi tuondoke. Mimi nikashuka nikamtetea kwa vifungu na sauti. Trafiki akasema sawa, basi zima lisubiri mkubwa wake. Nilikuwa na haki, Somoe, na mkubwa wake alipokuja alisema nina haki. Nilifika Newala kaburi limekwisha kufunikwa, watu wananawa mikono. Abiria mmoja, mama mtu mzima, aliniambia tulipokuwa tunashuka, "Mwanangu, ulikuwa unamtetea dereva au unajitetea mwenyewe?" Nimewajibu watu wengi maishani. Huyo sijamjibu bado.

Sikuambii unyamaze ukionewa. Ukiona wanamnyanyasa mama mjamzito pale kizuizini kwa sababu ya mume wake asiye na leseni, sema. Muulize afande jina na namba yake, kwa shikamoo, uiandike, uende kwa mkubwa wake siku ya pili. Utashinda zaidi yangu. Ninachokuomba ni ujue kwanza unakwenda wapi, na nani anakusubiri huko. Mimi nilikuwa nasahau. Wewe hujasahau tangu ile siku ya mchanga: ulikuwa unawaza wajawazito utakaowahudumia hata kabla hujawaona, na mimi kwenye keria nikiwaza ukoloni.

Kesho utapita kizuizi kile kwa mara ya kwanza na namba. Sijui kama yule mwenye mwanya atakuwepo. Nadhani atakuwepo, na nadhani atakusimamisha, maana alikuahidi. Atataka kadi, atataka bima, atataka leseni. Atainama aguse injini. Akikuuliza kuhusu homa utajua la kumjibu, sikufundishi.

Lakini nina ombi. Siku ya forodhani uliniambia nisije, na ulikuwa sahihi. Kesho naomba nije. Nitatangulia mapema, nitasimama ng'ambo ya barabara kwa wale wauza mihogo ya kukaanga, na nitanunua mhogo mkubwa niutie mdomoni, ili mdomo uwe na kazi yake. Sitavuka barabara. Afande akinitambua nitamwamkia tu. Mjomba atakuwa anakusubiri upande wa pili wa safari, mbele ya nyumba yake, kanzu imefuliwa, na amekwisha kuwaambia majirani wakae barazani wamwone mpwa wake akija mchana. Mimi nataka sehemu yangu ndogo tu ya mchana huo.

Zamani ukikaribia pale, nikiwa nyuma yako, nilikuwa nakufinya kiuno kukukumbusha uzime. Nimekufinya mara nyingi. Kesho keria yako ina sanduku la chanjo mahali pangu, na hakuna wa kukufinya.

Usizime, mwanangu. Ukiwa mbali, kabla sijakuona, nataka niisikie ikija, na hadi inafika mbele ya afande iwe bado inanguruma. Akisema uzime akague, zima. Akisema nenda, iwashe hapo hapo mbele yake. Nami nitakuwa na mhogo wangu mdomoni, nasikiliza.

Mama yako.